Mgonjwa wa Kitanda cha Dirishani

Ozella Pruitt alikuwa amewaambia akina mama wa kanisa lake kwamba binti yake Vernita anafanya kazi hospitalini, anawatembelea wagonjwa na kuwafariji. Akifika hapo alibadilisha mazungumzo. Wala hakuwa amesema uongo. Vernita alikuwa mlezi wa kiroho katika hospitali moja kubwa ya Toledo, na watu wa kila dini walimwita vitandani mwao. Alichokiruka mama yake ni kwamba yule mtoto aliyeimba kwaya ya Kibaptisti tangu meno ya utotoni, siku hizi ni Mbudha, amenyoa nywele karibu na ngozi, na kila alfajiri huketi juu ya mto mdogo, miguu ameikunja, macho ameyainamisha sakafuni, hasemi neno.

Wao wenyewe wawili hawakuligusa jambo hilo. Kila Jumapili jioni Vernita alikwenda kula kwa mama yake. Kwake hakupika nyama, lakini kwa mama yake alikula kuku wa kukaanga na kuongeza, kwa kuwa kumkataa yule kuku kungefungua mlango ambao wote wawili walikuwa wameuegemea kwa miaka. Walizungumzia majirani, baridi, bei ya mayai. Kisha Vernita aliosha vyombo, akambusu mama yake paji la uso, akaenda zake.

Mwezi wa pili, barafu ilipokuwa imeganda kwenye ngazi za kanisa, Ozella aliteleza akavunjika nyonga. Alikuwa na umri wa miaka themanini na moja. Gari la wagonjwa lilimpeleka hospitali ileile ya binti yake. Walimfanyia upasuaji vizuri, ila moyo wake ukaanza kupiga ovyo, madaktari wakasema hatoki mpaka utulie. Akapewa kitanda cha dirishani katika chumba cha wagonjwa wawili. Kwenye kitanda cha mlangoni alilala Wadad Hammoud, mama wa Kilebanoni ambaye yeye na marehemu mumewe walikuwa na duka la kuoka mikate upande wa kaskazini wa mji. Figo zake zilikuwa zimechoka. Baina yao palikuwa na pazia la kitambaa chepesi.

Kwa kawaida ya kazi yao, mlezi hamhudumii ndugu yake wa damu. Vernita alimkabidhi mama yake kwa mwenzake, Mchungaji Lindgren, Mlutheri mrefu mwenye sauti ya upole, naye akaenda kila siku kumwombea. Vernita alipopita kama binti, na maua na mafuta ya kupaka miguu, alimuuliza mama anamwonaje mchungaji.

"Mtu mzuri," Ozella alisema. "Ila anaomba kama anasoma karatasi ya maelekezo ya dawa."

Siku moja mchana nesi alimpigia Vernita simu. Mgonjwa wa kitanda cha mlangoni alikuwa akilia na hataki kusema kwa nini. Vernita alisita kidogo, akijua nani yuko nyuma ya pazia, lakini zamu ilikuwa yake. Akaenda.

Ilikuwa hivi: wafanyakazi walikuwa wamegeuza kitanda ili kupata nafasi ya mashine, na Bi Wadad sasa hakujua kibla kiko upande gani. Tena mikono ilikuwa na mirija, maji hayawezi kupita, na udhu atautia wapi? Tangu asubuhi alikuwa hajaswali. Alilisema hilo kwa aibu, kama mtu anayeomba kupelekwa msalani.

Vernita alimwambia hilo lina njia yake. Alishuka ofisini kwao, akafungua kabati, akatoa jiwe safi lililofungwa kwa kitambaa, ambalo imamu aliyejitolea hospitalini alikuwa amewaachia kwa ajili ya tayamamu, udhu usiotumia maji. Aliporudi, yeye na nesi walisukuma kitanda kidogokidogo mpaka kikaelekea kaskazini mashariki. Magurudumu ya kitanda yalilia, pazia likavutika, na miguu ya Bi Wadad ikawa karibu kugusana na ya Ozella. Bi Wadad aliweka viganja juu ya jiwe, akapaka uso, akapaka mikono juujuu ya plasta, akaswali kwa macho na vidole. Vernita aliketi kwenye kiti karibu na mlango, mikono mapajani, akapumua taratibu kama apumuavyo alfajiri. Hakuangalia saa.

Swala ilipokwisha, Bi Wadad alilifunga jiwe polepole kwa kitambaa chake. Vernita naye hakumharakisha. Ndipo yule mama alipoanza kueleza habari za alfajiri zote za ujana wake, tanuri limewaka, unga mpaka kwenye nyusi, mume anapiga kelele kwamba wateja wamefika, naye swala ya asubuhi inampita. Akilala hapa anaziona zimejipanga. Je, Mungu atamsamehe kwa swala hizo?

Mwingine angemwambia usijali, Mungu ni mwenye huruma. Vernita alikaa na swali lile kwanza. Kisha akamuuliza, Mungu anapomtazama wakati ule akiwa na unga usoni, yeye Bi Wadad anauona uso wa Mungu ukiwa wa namna gani?

Bi Wadad alifikiri. Akasema kwamba baba yake, kule kijijini kwao milimani, alikuwa akimwona anavunja sahani, kisha baba huyo anageuka kuangalia mti wa tini kana kwamba hajaona kitu. Akacheka kidogo, machozi bado yakitiririka. "Labda uso ule, binti yangu."

Vernita alimwambia kwamba mambo ya sheria ya swala si yake kuyaamua, atamwomba imamu aje Ijumaa. Wakashikana mikono. Alipokuwa akitoka alichungulia nyuma ya pazia. Mama yake alikuwa amefumba macho, amelala chali kama maiti, lakini kope zilikuwa zikimtetemeka. Vernita alimjua. Hata wakati wao wakiwa watoto wanapigana, yeye na kaka yake Roscoe, mama alikuwa akijifanya amelala hivyohivyo ili asikie nani aliyeanza.

Kesho yake Mchungaji Lindgren alimkuta ofisini, akaketi juu ya meza yake, akamwambia, "Dada, nimefukuzwa."

"Na nani?"

"Mama yako. Amenishukuru sana, kisha akasema anataka aletewe yule aliyekuwa na mama wa Kilebanoni jana."

Vernita alimkumbusha kawaida yao. Lindgren alisema anaijua, alikuwepo walipoiweka, na iliwekwa ili watu wasiumizwe. Kama kumfuata mgonjwa pale anapokuita ni kumuumiza, basi yeye kazi hii hajaielewa. Alimwahidi atakaa palepale ofisini mpaka arudi, hata kama atarudi analia.

Chumbani Bi Wadad hakuwepo, alikuwa amepelekwa kusafishwa damu. Jua la baridi lilikuwa limeangukia blanketi la Ozella. Vernita aliingia, akaanza, "Mama, mchungaji ameniambia..."

"Mama yako hayupo," Ozella alisema. "Nimemwita mlezi. Toka, uingie kama ulivyoingia kwa yule."

Vernita alisimama. Alitaka kucheka na alitaka kukasirika. Alitoka, akafunga mlango, akasimama ukumbini pumzi tatu, huku mtu wa usafi akimpitia na toroli. Kisha akabisha.

"Karibu."

"Mimi naitwa Vernita. Ni mlezi wa kiroho hapa hospitalini. Naweza kuketi?"

"Kaa, mama. Kiti hicho kina mguu mbovu, angalia."

Aliketi. Ozella alitazama nje, kwenye maegesho ya magari yaliyofunikwa theluji. Vernita alikuwa amekaa na wauaji waliojutia, na vijana waliopoteza watoto wachanga, na mzee mmoja aliyemtukana kwa saa nzima, na hapana siku aliyoogopa kama leo.

"Nilikuwa na watoto wawili," Ozella alisema mwisho. "Wa kiume alikufa kwa pikipiki. Miaka mingi sasa. Watu walikuja nyumbani na vyakula, wakasema Mungu alikuwa anamhitaji Roscoe. Mimi nikawaitikia amina. Moyoni nilikuwa nasema, amhitaji kwa kazi gani? Mimi ndiye niliyekuwa namhitaji."

Vernita hakuwahi kumsikia mama yake akisema hivyo. Yeye mwenyewe maneno yaleyale ndiyo yaliyomtoa kanisani. Wakati ule alikuwa akifanya kazi kiwandani, kwenye mstari wa kuunganisha milango ya magari, na mwenzake mmoja wa Kivietinamu alimpeleka kwenye hekalu dogo lililokuwa zamani duka la viatu. Huko hakuna aliyemweleza kwa nini Roscoe alikufa. Walimpa mto, akakaa, akalia mpaka kola ikalowa, na hakuna aliyemgusa wala kumwambia anyamaze. Alirudi wiki iliyofuata. Hakuacha tena.

"Na mwingine?" aliuliza.

"Wa kike. Yupo hai. Ana akili huyo, mpaka inamletea taabu." Ozella alivuta blanketi. "Huyo aliondoka kanisani baada ya mazishi. Watu wanadhani nina uchungu kwa sababu amemwacha Yesu. Naye nadhani anadhani hivyo. Mimi na Yesu tunajuana, siwezi kumsemea wala yeye hanisemei mimi. Sina wasiwasi kwamba Yesu amempoteza mwanangu njiani."

Mashine ya moyo ilikuwa ikilia pole pole.

"Kinachoniuma, aliniacha peke yangu kwenye benchi. Tulikuwa tunakaa watatu. Roscoe huku, yeye huku, mimi katikati nikiwafinya wasicheke. Roscoe akaenda kaburini. Nikasema, basi tumebaki wawili, tutalia pamoja. Jumapili ile nikageuka, hayupo. Na Jumapili iliyofuata. Nimekuwa nikiweka mkoba wangu pale. Mgeni akija anataka kukaa, wahudumu wanamwambia pana mtu."

Miaka yote hiyo Vernita alikuwa amejiandaa kwa ugomvi mwingine kabisa. Alikuwa na majibu kuhusu wokovu, kuhusu sanamu, kuhusu nani anasikia maombi. Aliyaona sasa yamekaa tu, hayana kazi. Alitaka kuanguka kifuani kwa mama yake aseme samahani, lakini mama yake alikuwa hajamwita binti, alikuwa amemwita mlezi, na mlezi hamkatizi mtu aliye katikati ya neno lake. Akayaacha machozi yashuke bila kuyafuta.

"Ungependa binti yako ajue nini?" aliuliza. Ndilo swali analowauliza wengi.

Ozella alifikiri sana.

"Kwamba sikukasirika," alisema. "Yaani, nilikasirika. Lakini jana nilimsikia nyuma ya pazia hilo, anakaa na yule mama wa watu. Hakumhubiria. Hakumharakisha. Nikasema moyoni, laiti mtu angekaa na mimi hivyo wakati ule. Halafu nikasema, kumbe huko ndiko alikokwenda kujifunza. Alikwenda kutafuta kitu ambacho hata mimi nilikuwa sina cha kumpa." Akageuka, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Hilo tu. Sasa niombee."

"Unataka niombe vipi?"

"Vyovyote unavyoomba huko kwenu."

Kwa hiyo Vernita alimshika mama yake mkono na kusema yale anayoyasema alfajiri, kwa sauti ya chini: mama huyu awe salama, moyo wake utulie, apone uchungu, asiwe peke yake. Na Roscoe, popote alipo, awe na amani. Alirudia polepole. Mara ya pili aliposema jina la Roscoe, mama yake aliitikia kwa nguvu, kwa sauti ya kanisani, "Ndiyo, Bwana." Vernita hakuona kwamba pana kitu cha kurekebisha.

Walikaa hivyo mpaka Bi Wadad aliporudishwa, amechoka, akauliza kwa Kiingereza chake kizito kwa nini wote wawili wanalia, kuna aliyekufa? Ozella alimjibu kupitia pazia kwamba ndiyo, lakini zamani.

Moyo wake ulichukua wiki nyingine kutulia. Bi Wadad alitangulia kutoka. Wanawe walikuja kumchukua na sinia la mikate ya zaatari, iliyopakwa majani makavu yenye harufu na ufuta, wakaacha nusu kwa jirani wa dirishani, naye akaila yote akilalamika kwamba ina majani.

Vernita alihamia kwa mama yake majira ya kuchipua, mpaka mama atembee vizuri. Hakurudi kuwa Mbaptisti, wala mama hakumwomba. Jumapili nyingine alimsukuma mpaka kanisani kwenye kiti cha magurudumu, akaketi kando yake. Nyingine alikuwa na zamu, au alikwenda hekaluni, na mama akasema wasalimie. Alfajiri alikunja miguu juu ya mto wake sebuleni, na Ozella, ambaye usingizi ulikuwa umempungua, alikaa kwenye kochi na Biblia yake, akimeza kahawa kwa sauti. Mara ya kwanza aliuliza kama kumeza kunamsumbua. Vernita alisema kunamsumbua kidogo. Ozella akaendelea kumeza.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano, kengele ndogo ya kumalizia tafakari ya Vernita ilipolia, Ozella alifunga kitabu na kuuliza kama anaikumbuka siku Roscoe alipoingia na pikipiki kwenye nguo za kuanikwa za Bi Tubbs, jirani.

"Alitoka na sidiria ya Bi Tubbs shingoni," Vernita alisema.

"Haikuwa sidiria. Ilikuwa mkanda wa kubana tumbo. Alifika nao mpaka kona ya barabara ya Dorr, anapunga mkono, hajui kwa nini watu wanapiga honi."

Vernita aliinuka kutoka kwenye mto, magoti yakalia, akaenda kukaa kochini karibu na mama yake. Alitaka kusikia yaliyotokea baada ya hapo, kwa maana siku ile yeye alikuwa shuleni, na hakuna aliyewahi kumsimulia mpaka mwisho.