Kipimo Kilichorudi Mikono Mitupu

Wodini kila mtu alimwita Bi Ngoja, na aliyembandika jina hilo ni Kisu. Bi Ngoja alikuwa daktari wa magonjwa ya kuambukiza, mtu asiyependa haraka. Kisu alikuwa daktari wa upasuaji, na haraka ndiyo ilikuwa dini yake. Walipendana kama ndugu, maana yake walibishana kila siku ya Mungu.

Safari hii walibishania goti. Mshonaji mmoja, mama mtu mzima mwenye ulimi mwepesi, alikuwa amewekewa goti la chuma na Kisu mwenyewe. Baada ya upasuaji akapata kichomi. Bi Ngoja akampa dawa kali za mshipani, kifua kikapona. Kisha homa ikarudi. Wakabadilisha dawa, ikapanda. Wakaongeza nyingine, ikazidi kupanda. Damu yake ilipooteshwa maabara kutafuta vijidudu, hakikuota chochote.

"Vijidudu vimejificha kwenye chuma," alisema Kisu. "Alhamisi nalitoa."

Kulitoa kulimaanisha mama alale miezi bila goti, na pengine asitembee tena sawasawa. Bi Ngoja akashika tama. Goti lenyewe lilikuwa baridi, halikuvimba, na maji yaliyovutwa humo yalikuwa safi. Na mgonjwa, ajabu, homa iko juu lakini anakula, tena anawasema wauguzi kwa mishono mibaya ya sare zao. Jambo hilo halikumwingia daktari akilini.

Akapeleka damu kwenye maabara inayosoma vinasaba. Kipimo hicho hakingoji kijidudu kiote. Hutafuta vipande vya vinasaba vyake vinavyoelea kwenye damu, hata kama dawa zimekwisha kukidhoofisha. Wodi nzima ikasubiri kutajiwa adui. Jibu likarudi mikono mitupu.

"Mbwembwe zote zile, hakijaona kitu!" Kisu alicheka.

"Kimeona kwamba hakuna kitu."

"Au kimepitwa. Hakina macho ya Mungu kile."

Hapo alisema kweli, na Bi Ngoja alilijua hilo. Kijidudu kilichojibanza mfupani kinaweza kukiponyoka kipimo. Lakini ukiliweka jibu lile pamoja na goti baridi, maji safi na mgonjwa mwenye hamu ya kula, yote yalinyoosha kidole mahali pamoja, tena mahali pasipompendeza: kwenye dawa alizoandika yeye. Kuna miili inayozikataa dawa kwa kuchemka homa. Njia ya kujua ilikuwa kuzisimamisha zote. Na kama amekosea, vijidudu vingemmaliza mama mbele ya macho yake.

Akapiga moyo konde, akaenda kuketi kitandani.

"Mama, nataka tuache dawa zote, tuangalie. Naweza kuwa nimekosea. Ukizidiwa tutazirudisha hapo hapo, na goti litatoka."

"Moyo wako unasemaje, mwanangu?"

"Moyo unaogopa. Akili inasema tuache."

"Basi tufuate akili. Na mimi naogopa, tutaogopa wote."

Dripu zikatolewa. Bi Ngoja akazunguka kile kitanda kama kuku anayetaka kutaga, kila akipita anagusa paji la uso, mpaka mama akamwambia atalichubua. Siku ya kwanza homa ilibaki palepale. Kesho yake ikalegea. Alhamisi asubuhi Kisu alikuja amevaa tayari kwa kazi, akaweka kiganja, akakiweka tena, akaangalia kipimajoto mara mbili.

"Imeshuka," alisema, na uso ukamchanua. "Leo umenikosesha kazi, dada. Ahsante."

"Sasa nilikuwa naumwa nini?" mama aliuliza.

Kisu akageukia dirisha. Bi Ngoja angeweza kutoa neno refu la kitaalamu, yakaisha.

"Dawa zangu, mama. Zilikuponya kifua, nami nikazidi kukuongezea, zikakuunguza. Nisamehe."

Mama akalisukuma shuka pembeni.

"Jibu la kipimo lilipokuja, ulijua kwamba aibu itakuwa yako?"

"Nilijua."

"Na bado ukaja kuniambia tuache."

"Nilikuja, mama."

Mama akajivuta mpaka ukingoni, akateremsha mguu wa zamani, kisha ule wenye goti jipya, akanyoosha mkono.

"Nishike basi, tutembee. Na unishike vizuri. Ukiniangusha, hapo ndipo nitakasirika."