Bango la Fundi Kombo

Useremala aliuchagua mwenyewe, lakini jina alizaliwa nalo. Kombo. Shuleni walimtania mpaka wakachoka: mstari wake ukipinda, si ndiye Kombo, akikosa hesabu, basi leo mambo yamekwenda kombo. Sasa binti wa watu alikuwa na karakana yake mwenyewe, na jioni hiyo mchora mabango angekuja kuandika jina mlangoni. Nani mwenye akili timamu atanunua kitanda kwa Kombo?

"Nitaandika Nyoofu Samani," alimwambia baba yake wakinywa chai ya asubuhi.

Baba yake, dereva mstaafu, alikuwa amekwisha kuwatangazia majirani wote kwamba jina la ukoo linapanda ukutani. Aliweka kikombe mezani. "Sawa, mwanangu. Karakana ni yako." Akainuka, akaacha chai nusu kikombe. Na baba yule, jamani, haachi chai. Moyo ulimuuma binti yake, lakini biashara ni biashara.

Siku hiyo alikuwa na mlango wa kufunga kwenye duka la vitambaa, katika nyumba kuukuu. Shangazi yake, dada mkubwa wa baba, alimfuata kwa udaku tu, apate kumwona akifanya kazi. Mlango wenyewe ulikuwa mzuri, wee acha! Kila pembe ilikuwa imepimwa kwa skwea na kurudiwa. Akaupachika kwenye bawaba, akausukuma. Ukagoma. Juu ulikwama, chini ukaacha mwanya wa kupita paka. Fremu ya nyumba ile ilikuwa imelala upande, na kuing'oa kungeangusha ukuta.

"Kila fundi anayekuja, yale yale," mwenye duka alisema, mikono kiunoni. "Na wewe naona umeniletea mambo ya kombo!"

Alikuwa anatania tu, lakini fundi alitamani ardhi ipasuke. Shangazi naye akaangua kicheko, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Shangazi! Na wewe tena?"

"Nacheka kwa sababu unahangaika bure na dawa iko jikoni kwangu. Chukua skwea yako, twende."

Mlango wa jikoni wa shangazi alikuwa akiupita tangu anatambaa. Sasa akauwekea skwea kwenye pembe ya juu, ikakataa. Akajaribu ya chini, ikakataa vilevile. Upande wa bawaba ulikuwa mrefu kuliko upande wa kitasa, na ubao wa juu uliteremka waziwazi. Akausukuma kwa kidole kimoja. Ukajifunga taratibu, bila mwanya hata wa kupitisha karatasi.

"Huo aliuchonga babu yangu," shangazi alisema. "Mafundi wenzake walileta milango iliyonyooka, yote ikakwama. Yeye akaanza na fremu, akaipima ilivyo, na kasoro zake zote, akachonga mlango wa kuifuata. Wenzake wakamcheka, wakamwita Fundi Kombo. Lakini mwanangu, nyumba zilizolala upande zilikuwa mtaa mzima! Watu wakapanga foleni kwake. Siku anamwandikisha baba yangu shule, akaulizwa jina la ukoo. Akajibu Kombo, kifua mbele."

"Mbona baba hajawahi kuniambia?"

"Baba yako hakumkuta babu. Hajui lilikotoka. Yeye alijua kulipenda tu."

Maneno hayo yalimchoma, na papo hapo yakampa furaha iliyomtoa mbio mpaka dukani. Akaipima fremu upande kwa upande, akaushusha mlango, akaongeza kipande cha ubao palipokuwa na mwanya, akashika randa. Maranda yakamfunika miguu. Alipoupachika tena, ukaingia mahali pake kama mguu kwenye kiatu cha zamani. Mwenye duka akaufunga, akaufungua, akaufunga tena, hana hamu ya kuuacha.

"Weee! Nikikusifia kwa watu, niseme fundi nani?"

"Fundi Kombo," akajibu, na kwa mara ya kwanza hakuteremsha sauti.

Jioni, karakanani, alimkuta mchora mabango keshapanda ngazi, brashi mkononi. Aliyemshikia ngazi alikuwa baba yake, kaja kusaidia kuandikwa kwa jina ambalo hakulitaka. Binti alishindwa kujizuia, akamkumbatia hapo hapo, ngazi ikayumba na mchoraji akapiga kelele.

"Usiandike Nyoofu," akamwambia mchoraji. "Andika Kombo. Herufi kubwa!"

Baba alimtazama, akamtazama na shangazi aliyefika akihema. Akaishika ngazi imara zaidi.

"Haya, lakini paa lenu limeinama," mchoraji akasema. "Bango nilinyooshe kwa pimamaji, au lifuate paa?"

"Lifuate paa," baba na binti wakajibu kwa pamoja.

Likafuata paa, na kutoka ng'ambo ya barabara likaonekana limenyooka sawasawa. Baba alisimama kule, akalisoma kwa sauti, akamsomesha na mpita njia ambaye hakuwa na habari. Kisha akaagiza chai, akainywa yote.