Kamba ya Kaputula

Mama Balbina alikuwa na mbwa mmoja, na mbwa huyo hakuwahi kufungwa kamba tangu azaliwe. Aliitwa Kaputula, kwa sababu alikuwa wa kahawia mbele, lakini kuanzia kiunoni kurudi nyuma alikuwa mweupe, utadhani kavaa kaputula ya karani. Mume wa Balbina alikwisha fariki, na mwanawe Fulgensi alikuwa Kilosa akikata mkonge. Kwa hiyo aliyebaki naye shambani ni Kaputula. Usiku mama alilala juu ya dungu la kulindia mpunga, mbwa alilala chini yake, na nguruwe pori waliojaribu kuja walijuta. Bila mbwa yule mama angevuna mabua matupu.

Basi mwaka ule wa hamsini na sita, maji ya bonde yalipoanza kupungua, jumbe alipita na tangazo. Kichaa cha mbwa kimeingia vijiji vya jirani. Jumamosi ya wiki ya pili kila mbwa aletwe Ifakara, uwanja wa baraza, akiwa kwenye kamba, achomwe sindano. Mbwa atakayeonekana bila kamba, siku hiyo na kuendelea, atapigwa risasi. Balbina alirudi nyumbani mbio.

"Mburute tu, dada, atazoea," alishauri jirani yake Tadei, ambaye hakuwa na mbwa.

Balbina akaichukua kamba ya katani aliyoletewa na Fulgensi, akamfunga, akavuta. Kaputula alijilaza chali, miguu minne juu, akawa marehemu. Mama akamburuta marehemu wake mpaka kisimani, watu wakicheka hadi ndoo zinamwagika. Siku ya tatu shingo ilitoka kidonda. Balbina alipokiona alilia, kisha akajitukana mwenyewe, maana kwa kujitukana hakuwa na mpinzani. Akampaka mafuta ya nyonyo, na tangu hapo akawa anaifunga kamba kwa kuilegeza, vidole vinne vinapita.

Akaacha kuburuta. Mbwa akivuta, yeye anasimama kama kisiki. Mbwa akirudi miguuni pake, anapewa kichwa cha kambale mkavu kutoka pindo la khanga. Walikwenda hivyo hatua tano, wakasimama, hatua sita, wakasimama. Kutoka nyumbani hadi shambani, safari ya dakika kumi, ikawa ya asubuhi nzima.

Saa sita mchana kengele ya misheni ilipolia, Balbina aliweka jembe chini, akainamisha kichwa na kusali Malaika wa Bwana, kama alivyofanya tangu utoto wake Mahenge. Hakuwahi kusogeza hata unyayo kabla ya kusema amina. Kaputula alivuta kamba, akavuta tena, akaona leo amefungwa kwenye mti. Akakaa. Baada ya amina akapata kichwa cha kambale. Kabla juma halijaisha, kengele ikilia tu, mbwa anakaa mwenyewe, awe na kamba asiwe nayo, masikio juu, anasubiri.

"Mama Fulgensi, huyu utamtafutia na msimamizi wa ubatizo?" aliuliza rafiki yake Justa.

"Anakuzidi utulivu kanisani," Balbina akajibu.

Jumamosi ikafika. Kaputula alitembea kwenye kamba vizuri hata Tadei akatoka nje kutazama. Uwanjani walikuta mbwa zaidi ya arobaini na foleni isiyosogea. Karibu na meza ya sindano alisimama askari mwenye bunduki, Raimundi, kijana mwenye sauti nene aliyeongoza sala kanisani kila Jumapili. Balbina alimwona, akaishika kamba kwa mikono miwili.

Zamu yao ilipokaribia, jibwa moja jeusi lilimrukia Kaputula. Akaruka nyuma, kichwa kikachomoka kwenye kitanzi. Kile kitanzi cha vidole vinne! Mama alibaki na kamba mkononi, na mbwa alikwisha fika katikati ya jaruba lililovunwa, anakimbilia nyumbani.

"Kaputula!" Hakugeuka.

"Kaa pembeni, mama," alisema Raimundi. Uso wake haukufurahi, lakini bunduki ilipanda begani.

Kengele ya misheni ikalia.

Raimundi alisita. Akashusha bunduki, akaisimamisha kitako chini, akavua kofia na kuanza sala. Uwanja mzima ukaitikia, na Waislamu wachache waliokuja kutazama wakanyamaza kwa heshima. Kule jarubani Kaputula alikaa, masikio juu, akimtazama mama yake.

Balbina alijua sala ile ina Salamu Maria tatu, na jaruba lile lilikuwa refu kuliko Salamu Maria tatu. Kisha, mara ya kwanza maishani mwake, akaondoka katikati ya sala. Alitembea juu ya mabua, anaitikia huku machozi yanamtoka, hakuthubutu kukimbia asije akamshtua. Ya kwanza ikaisha. Ya pili. Ya tatu ilipokwisha alikuwa bado hatua ishirini.

Raimundi, kichwa kimeinama, akaanza ya nne. Justa alifungua jicho moja, akalifumba, akaitikia. Watu wote wakaitikia. Akaanza na ya tano.

Aliposema amina na kuvaa kofia, Kaputula alikuwa anatafuna kichwa cha kambale, na kamba iko shingoni, imekazwa sawasawa.

"Huyu ana kamba," Raimundi aliwatangazia watu. "Mlete, mama, achomwe."

Jumapili baada ya misa, Balbina alimpelekea Raimundi kambale mkavu, mkubwa kuliko wote aliokuwa nao. Hakuwa na kichwa. Kichwa kilikuwa na mwenyewe.