Shati Lililobaki Nyumbani

Mtu akikwambia nenda ukapumzike, muulize kwanza: mimi nikipumzika, nyinyi mtakuwa mnafanya nini? Kellen hakuuliza. Angeuliza vipi, naye aliyemwambia ni Nobert, mume wake wa ndoa ya kanisani, mtu wa mashamba ya mpunga kule Mubuku, ambaye tangu amwoe hajawahi kumpeleka mbali zaidi ya Fort Portal? Tena aliyeleta habari yenyewe ni mtoto wake wa kumzaa, Bwambale, anayeongoza watalii wapandao mlima Rwenzori. Mtalii mmoja alikuwa mwenye hoteli Zanzibar. Alipovunjika mguu, Bwambale alimbeba mgongoni mpaka chini ya mlima, naye akasema wazazi wako waje kwangu, wakae wiki nzima kama wafalme.

"Mama, umechoka," Bwambale akamwambia. "Nenda na baba, muone bahari."

Majirani wa Kasese wakapiga vigelegele. Jamani, Mkonzo, mtu wa milimani, kwenda kulala pembeni ya bahari!

Sasa, kwetu jina la mtu halifichi kitu. Ukisikia Bwambale, umeshajua huyo ni mtoto wa kiume wa pili, na mbele yake kuna Baluku. Ndiyo maana kila mgeni aliyefika kwa Kellen, akishamaliza kusalimiana na Bwambale, swali lilimtoka lenyewe: "Na Baluku yuko wapi?" Hapo wengine wote hujitafutia kazi uani. Kellen peke yake ndiye hujibu. "Atarudi," husema, na kumwongezea mgeni chai.

Baluku alichukuliwa na mto Nyamwamba mwaka ule wa korona, maji yaliposhuka mlimani yakibeba mawe makubwa kama nyumba. Alikuwa ameshatoka salama. Akavua shati, akalitundika mlangoni, akarudi bondeni kuwafungua mbuzi. Mbuzi wakaonekana, wote, wamelowa na wanalia. Yeye hakuonekana, si hai wala maiti.

Kwa watu wetu, asiyeonekana mwili wake huzikwa kwa mgomba. Hukatwa mgomba, ukavishwa nguo ya marehemu, ukalazwa kaburini, ukaliliwa kama mtu. Kasereka, kaka mkubwa wa Nobert, alishuka kutoka Kyarumba na panga lake mkononi ili mambo yaishe. Kellen akasimama mlangoni, akatanua mikono.

"Mtoto wangu si ndizi," akasema. "Mkizika mgomba, mnizike na mimi hapo hapo."

Kasereka akapanda zake mlima na panga lake.

Mnajua kwa nini alikataa? Dereva mmoja wa lori alimwambia kwamba wiki ile ya mafuriko alimbeba kijana mwenye tope mwili mzima, akamshusha Bwera, na kijana akavuka kwenda Kongo. Basi. Neno la dereva, ambaye hata jina lake hatukulijua! Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kila siku ya soko Kellen alikwenda Bwera na magunia yake ya mchele wa Mubuku, na kabla hajauza hata kikombe, alizunguka na picha. Akawaonyesha wabadilisha fedha, akawaonyesha vijana wa boda boda, akawaonyesha Wakongomani wanaovuka mpaka na vitenge vichwani. Mmoja wao, Sylvie wa Butembo, akawa rafiki yake wa kufa na kuzikana.

"Nikivuka Kasindi nitauliza tena, Mama Baluku," Sylvie humwambia. "Mutoto hapoteake kama sindano."

Na lile shati? Kellen hakulifua kamwe. Lilikuwa la buluu, kola imechakaa, na ndani yake mlikuwa na jasho la mwanawe na harufu ya sabuni ya kipande. Alilaza kichwa juu yake kila usiku, likiwa chini ya mto. Harufu ilipoanza kupungua akajiwekea sheria: kulinusa Jumapili tu, baada ya misa, mara moja, asije akaimaliza.

Siku ya kufunga mzigo wa Zanzibar alilitia katikati ya nguo zake. Nobert akamwona.

"Usilibebe," akasema, macho yake yako dirishani. "Hotelini wanafua kila wanachokikuta kitandani. Watalifua bila kukuuliza."

Kellen akashtuka. Kweli, wazungu wanapenda kufua. Akalitoa, akalirudisha chini ya mto, akaupigapiga mto kama anayelaza mtoto. Hata akamshukuru mumewe, maskini ya Mungu!

Hoteli yenyewe, wacha nisidanganye, ilikuwa nzuri kupita kiasi. Kitanda kipana mpaka mtu na mumewe wanatafutana. Juu yake taulo zimekunjwa kama mabata wawili wanaobusiana, na maua yamemwagwa shukani. Kellen akayaokota maua yote kwanza, akidhani kuna aliyesahau kufagia. Asubuhi meza ya chakula haina mwisho, na mtu unajipakulia bila anayekutazama. Bahari iko hapo hapo mbele, na bado wamechimba bwawa la kuogelea! "Hawa watu," Kellen akacheka, "maji yote haya hayawatoshi?"

Lakini kucheka kwake hakukushuka chini ya koo. Usiku aliyasikia mawimbi yakija na kurudi, naye maji yanayonguruma gizani alishayajua. Nobert naye hakuwa sawa. Alikwenda kupiga simu nyuma ya minazi, na Kellen akitokea, simu inaingia mfukoni. Simu ya Kellen, Nobert aliizima mwenyewe tangu uwanja wa ndege, akisema laini ya kwetu haifanyi kazi kisiwani. Kisha siku ya tatu, wakinywa chai, akamwambia, "Nipe sukari, Mama Bwambale."

Kellen akakiweka kikombe chini. Tangu kifungua mimba azaliwe, mume huyu hajawahi kumwita jina jingine ila Mama Baluku.

"Umeniitaje?"

"Ulimi umeteleza," Nobert akasema, akajiwekea sukari mwenyewe.

Siku hiyo hiyo, Hidayah, binti wa kisiwani aliyewatandikia chumba, alimkuta Kellen amekaa kwenye ukingo wa kitanda. Binti mwenye adabu, Kiswahili chake laini.

"Mama, umejaaliwa watoto wangapi?"

"Wawili. Baluku na Bwambale."

"Mashallah. Una picha zao?"

Ziko kwenye simu, Kellen akasema, na simu imezimwa. Hidayah akaiwasha, akaiunganisha na mtandao wa hoteli, akamrudishia kwa mikono miwili. Kabla picha hazijafunguka, simu ikaanza kulia mlio juu ya mlio. Ilikuwa ni sauti ya Sylvie, aliyoirekodi asubuhi ile.

"Mama Baluku, pole. Pole sana, mama. Huku Bwera tumesikia leo banazika Baluku. Balimupata wapi? Juu ya nini haukuniambia? Niko njiani na bamama ya soko, tunakuja ku matanga."

Wamempata. Kellen hakusikia kingine. Amepatikana! Alishuka ngazi bila viatu, akakata mchanga, akamfikia Nobert amekaa mbele ya maji na suruali amekunja.

"Wamempata!" akapiga kelele. "Baba Baluku, wamempata mtoto!"

Mtu akiambiwa mwanawe aliyepotea amepatikana, huuliza wapi. Nobert hakuuliza. Aliinamisha kichwa, akaanza kuchora mchangani kwa kidole.

Kellen akasimama pale pale. Mawimbi yakamlowesha miguu, wala hakuyasikia.

"Ni mgomba," akasema.

"Kellen, nisikilize. Olivia, yule mchumba wa Bwambale, ana mimba yake. Wazazi wake wako Bwera, wamekataa kupokea mbuzi wetu wa mahari. Wanasema mdogo hawezi kuoa akimruka mkubwa ambaye hayupo hai wala hajazikwa, italeta balaa kwa kizazi. Ningefanya nini? Huyu mtoto aliyebaki naye nimpoteze?"

"Mngeniambia."

"Tulikwambia miaka yote. Ulisimama mlangoni."

Ndiyo hivyo. Asiyekuwepo na lake halipo. Walimpeleka mwanamke kwenye kitanda cha maua ili mlango ubaki wazi.

Kisha likamjia jambo jingine, likampiga kifuani mpaka akakaa chini mchangani na nguo zake.

"Mgomba mmeuvika nini?"

Nobert akaukunjua mguu mmoja wa suruali, akaukunja tena.

"Nobert. Mmeuvika nini?"

Mwanamume mzima akaanza kulia. Kellen hakulia. Alirudi chumbani, akavaa viatu, akafunga mzigo, akakaa kitini akiutazama mlango mpaka siku yao ya kuondoka. Kila siku Hidayah alileta chai, na kila siku aliiondoa imepoa.

Walifika Kasese mchana, jua linawaka. Uani walikuwa bado watu wa matanga: Kasereka, akinamama wa soko la Bwera, Sylvie na kitenge kimefungwa kiunoni. Wote wakasimama. Kellen hakumsalimu mtu. Aliingia chumbani, akanyanyua mto. Hakuna kitu. Akatoka na jembe.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, udongo wake bado mwekundu, msalaba una jina. Kasereka akataka kumzuia. Sylvie akamshika mkono mzee yule, mbele za watu, bila haya. "Muache," akasema. "Ni wake."

Akachimba. Hawakulichimba refu, kwa kuwa haraka haraka haina baraka, na hawa walikuwa na haraka. Jembe likagonga kitu laini. Akalitupa, akaendelea kwa mikono, mpaka buluu ikaonekana. Shati lilikuwa limefungwa vifungo vyote hadi shingoni, vizuri, kama mtoto anayepelekwa shule. Ni Bwambale aliyevifunga. Alikuwa amesimama kando.

Kellen akainama, akazika uso wake kwenye kola ile, akavuta pumzi yake yote.

Utomvu wa mgomba, na udongo. Akavuta tena, chini ya kwapa, ndani ya mshono. Utomvu ulikuwa umeingia kila mahali, umetia madoa meusi ambayo hakuna sabuni ya kuyatoa. Baluku hakuwemo tena.

Kisha akainyoosha kola kwa vidole, akapangusa udongo kifuani pa mgomba, akatoka shimoni, akaanza kufukia. Nobert akaja na koleo kumsaidia.

"Wacha," akamwambia. "Mimi ndiye mama yake."

Alipomaliza, Bwambale akapiga magoti juu ya udongo ule. "Mama, nisamehe. Olivia akizaa mvulana, tutamwita Baluku."

Kellen akamwekea mkono kichwani, mkono wenye matope na utomvu.

"Kila mvulana wa kwanza ni Baluku, mwanangu," akasema. "Mimi nilikuwa na wangu."

Na hapo ndipo alipolia, kile kilio cha matanga alichokikataa tangu mwaka wa mafuriko. Sylvie akakipokea, na akinamama wa Bwera wakakipokea nyuma yake.