Kicheko cha Ramlo

Faduma, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliapa kwamba madaktari walipomtoa Ramlo tezi ya shingo walikata na sauti, wakaitupa ndooni. "Na sasa wanampeleka kwa mashine ya waja wazito," akawaambia wenzake bombani. "Nyanya mzima. Atazaa shingoni?"

Hani, bintiye Ramlo, alijaza mtungi wake akajitwika.

Mama yake ndiye aliyekuwa akiimba buraanbur, mashairi ya wanawake, kwenye arusi za Garissa. Tangu upasuaji alinong'ona tu. Kila aliyekuja kumjulia hali alimwonya: ukipaza sauti, mshono utafumuka. Kidonda kikapona, woga ukabaki, na arusi zikapata waimbaji wengine.

Hospitalini, Ramlo aliukataa mpira wenye kamera wa kupitishwa puani hadi kooni. "Nimefunga," alinong'ona. Ramadhani ilikuwa haijaisha.

"Basi hiki hakiingii popote, eddo," alisema daktari Ifrah, akimwita shangazi kwa Kisomali. Akafunga mlango, akamfungua mtandio, akampaka jeli baridi kooni na kutelezesha juu ya ngozi kifaa kile cha kupimia waja wazito.

Kwenye skrini ikatokea mistari miwili iliyoegemeana juu kama miti ya hema.

"Hizo ndizo nyuzi za sauti. Sema 'iii'."

Ikatoka pumzi tupu. Mistari ilibaki imeachana chini. Labda Faduma alisema kweli, Hani akawaza.

"Kohoa kidogo."

Ramlo alitikisa kichwa, mkono ukienda kwenye kovu. Hani akamtazama mama yake, kisha akasema polepole, "Hooyo, Faduma anasema leo utazaa shingoni."

Ramlo akajizuia, akashindwa, akacheka. Hani hakubandua macho pale kwenye skrini.

"Zimekutana," alisema.

"Zote mbili," daktari akajibu, akimgeuzia Ramlo skrini ajionee. "Hakuna kilichokatwa, eddo. Cheka tena, na katikati ya kicheko taja jina lako."

Jina likatoka likikwaruza kama mlango wa bati, kisha likatoka zima, nene, hata waliokuwa kwenye foleni nje wakageukia mlango. Ramlo alilirudia mpaka machozi yakamlowesha mtandio.

Baada ya Idi aliimba kwenye arusi ya mpwa wake, na wanawake wakamtuza kwa kumvika shali zao mpaka akabaki kuonekana macho tu.

Asubuhi yake Faduma alibisha, sahani ya halwa mkononi. Akaketi, akasifu chai kabla ya kuionja.

"Ramlo, dada yangu, Idman wangu anaolewa Ijumaa. Utatuimbia?"

Ramlo alichukua birika, akamjazia kikombe taratibu hadi ukingoni. "Nitaimba," alisema kwa sauti yake nene, "kwa shingo hii hii uliyosema itazaa."