Wekundu Usioonekana

“Wekundu uko wapi?” Profesa aliuliza, kidole chake kikizunguka juu ya muundi wa mgonjwa wetu wodini, mama mmoja muoka mikate. Wanafunzi saba wa udaktari tukanyoosha shingo. “Haupo. Mwandikie karatasi ya kutoka.”

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nikaifunika.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, shangazi yangu aliyenilea alirudishwa nyumbani kutoka zahanati mara mbili, mguu ukimwaka moto. Mara zote mbili aliambiwa ngozi haijawa nyekundu, kwa hiyo hakuna maambukizi. Ngozi ya shangazi ni nyeusi tii. Huo wekundu ungetokea wapi? Mara ya tatu usaha ulikuwa umeshafika kwenye mfupa, wakamkata chini ya goti. Shangazi ni fundi wa kushona. Cherehani yake ni ya kukanyaga.

Liwalo na liwe, nikajiambia.

“Profesa, mguu huu ni mgonjwa.”

“Picha za kitabuni umezitazama?”

“Nimezitazama. Ziko kumi na nne, zote za watu weupe.”

Mwenzangu alinifinya ubavuni. Nilimwomba mgonjwa ruhusa ya kumgusa, akaitikia kwa kichwa. Nikaweka mgongo wa mkono kwenye muundi mmoja, kisha wa pili. Huu wa pili ulikuwa na joto la chungu kilichotoka mekoni. Ulikuwa umevimba, uking'aa, weusi wake umegeuka zambarau kama bilinganya.

“Ngozi hii naivaa mimi, daktari,” mama akasema taratibu, macho kwa profesa. “Juzi haikuwa hivi.”

Profesa akainama, akagusa. Mkono wake ulikaa pale muda mrefu kuliko alivyokusudia, nadhani. Kisha, bila kumtazama yeyote, akamwambia nesi atundike dripu ya antibiotiki.

Nikadhani yamekwisha. Wiki iliyofuata niliitwa mbele ya kamati: nimemkaidi mwalimu mbele ya mgonjwa. Niliomba radhi kwa kumkatiza mwalimu. Kwa nilichokisema, sikuomba. Wakanitoa wodini wiki sita, na maana yake nilikuwa nikiijua: kurudia muhula mzima.

Nilikwenda kwa shangazi kumpa habari, nikijikokota. Nilimkuta akipinda sketi ya shule kwa sindano ya mkono, cherehani imefunikwa shuka.

“Wamekurudisha nyuma kwa kosa gani?”

“Kusema. Mguu wa mama mmoja haukuwa mwekundu.”

“Na huyo mama?”

“Ametoka hospitali jana. Kwa miguu yake miwili.”

Shangazi alikata uzi kwa meno, akaukung'uta upindo, akautazama kwenye mwanga wa dirisha. Nilingoja anipe pole. Hakunipa.

“Basi watakapokurudisha darasani,” akasema, “sema tena.”

Muhula ulipofunguliwa nilikaa kiti cha mbele kabisa. Profesa akaniona, akakohoa, akazima taa. Picha ya kwanza, ya mguu mweupe, ilipotokea ukutani, nikanyoosha mkono.