Salamu Zilipokwisha

Kila Jumapili akitoka kanisani, kabla hata hajavua kitambaa cha kichwa, Mama Hope aliweka vocha kwenye simu yake ndogo ya vitufe na kumpigia dada yake Bukoba. Jina lake hasa lilikuwa Kokushubila, ila pale Mtoni, Dar es Salaam, kuanzia mafundi wenzake hadi wazazi waliomletea watoto kupimwa sare za shule, wote walimjua kwa jina la bintiye. Kokushubila alibaki kuwa wa mtu mmoja tu, dada yake Sesilia, na jina hilo lilitoka mara moja kwa wiki, siku ya Jumapili.

Simu yenyewe ilikuwa salamu tupu. Waliulizana afya, kisha usingizi, kisha watoto mmoja mmoja kwa majina yao, wakwe, wajukuu, ng'ombe, migomba, mvua, paroko, jirani aliyevunjika mguu, halafu mguu wenyewe. Kila aliyetajwa alikuwa hajambo, au hajambo kidogo, au yuko mikononi mwa Mungu. Wakifika kwenye kahawa ya shambani, kabla hawajaimaliza, vocha inakata. Mama Hope angeitazama simu kidogo, akafuta jicho kwa ncha ya kitenge, akasema, "Tumeongea." Kisha angeingia jikoni akiwa ametulia, na utulivu huo ungemtosha wiki nzima.

Mwanawe wa kiume, Theonest, hakuweza kuuvumilia utaratibu huo. Alikuwa amemaliza chuo mwaka uliotangulia, na utafiti wake wa mwisho ulihusu mawasiliano na mshikamano wa familia katika zama za kidijitali, kazi ambayo msimamizi wake aliisifu kwa jalada zuri. Aliamini, tena kwa moyo wake wote, kwamba ndugu hugombana kwa kukosa tu nafasi ya kuongea. Wape nafasi, na mengine yatajipanga yenyewe. Sasa, akiwa anasubiri ajira, aliuza vitambaa katika duka la Bi Zarin, Chang'ombe, na humo dukani ndimo alimoupata ushahidi.

Bi Zarin alikuwa na dada aitwaye Farheen, aliyehamia Kanada siku nyingi. Tangu Kanada waamke mpaka Chang'ombe wafunge maduka, simu ya Bi Zarin iliegemea maboksi ya nyuzi, na Farheen alikuwa ndani yake, kwa WhatsApp. Hawakuongea sana. Mara ungesikia sufuria ikianguka Kanada. Mara Farheen angepiga chafya, na Bi Zarin, akiwa katikati ya kupima kitambaa, angemwombea afya bila kuinua macho. Theonest alikuwa akiyasikia hayo kila siku. Upendo usiohesabu muda ndio huu, aliwaza, na akaona aibu kwa niaba ya mama yake, aliyepimiwa dada kwa vocha.

Kwa hiyo mshahara ulipoingia alinunua simu janja, akaipeleka Bukoba kwa basi, na mkwe wa Mama mkubwa Sesilia akaiwasha na kumwekea WhatsApp. Mama yake naye akapewa simu ya zamani ya Theonest, ile iliyopasuka kioo pembeni. Bando la wote wawili lingekuwa juu yake. Akawaeleza kwamba tangu siku ile wangeongea kadiri wapendavyo, hakuna cha kukata wala nini.

"Haikati kabisa?" mama yake aliuliza.

"Kabisa, mama."

Akauliza tena. Theonest alidhani ni furaha.

Jumapili iliyofuata simu ikapigwa kwa sauti ya nje, Theonest amekaa pembeni ashuhudie. Salamu zilianza vizuri. Zikapita kwenye afya, zikapita kwa wajukuu, zikazunguka ng'ombe na migomba. Zikafika kwenye kahawa. Na mara hii, kwa mara ya kwanza tangu simu ziingie katika ukoo ule, kahawa ikaisha. Wakarudi kwa paroko, wakakuta wameshammaliza. Wakajaribu mguu wa jirani, ulikuwa umepona. Laini ikabaki wazi na ndani yake hamna kitu. Bukoba kuku walikuwa wakilia. Mama Hope aliitazama simu kama mtu anayesubiri mgeni aage, na mgeni haagi. Mwishowe, kwa kukosa tu la kusema, akauliza:

"Na ile cherehani ya mama, dada, bado ipo?"

Sesilia akasikika akiwafukuza kuku kwanza.

"Ipo," akasema Sesilia. "Unaiulizia nini?"

Ilikuwa cherehani ya mkono ya marehemu mama yao. Kokushubila ndiye aliyejifunzia kushona juu yake, na ushonaji huo ndio uliowasomesha Theonest na Hope baada ya baba yao kufariki. Lakini mama alipozikwa, cherehani ilibaki kwa Sesilia, ambaye hata kifungo cha shati alikuwa akipeleka kwa fundi. Kokushubila hakuwahi kuidai. Sesilia naye alikuwa na lake: yeye ndiye aliyemuuguza mama mpaka mwisho, akimgeuza kitandani na kumlisha, wakati mdogo wake yuko Dar es Salaam anatuma salamu. Naye hakuwahi kulisema. Kwa miaka yote hiyo mambo haya mawili yalikuwa yamepanga foleni nyuma ya salamu, yakisubiri zamu, na kila Jumapili vocha ilikatika kabla zamu haijafika. Theonest ndiye aliyeyafungulia mlango.

Kuanzia hapo waliongea kila siku. Simu ilisimama mezani, imeegemea kopo la chaki, na Mama Hope alishona huku anajibu mashtaka. Kihaya kilitumika kwa hoja za kawaida. Mmoja wao akitaka kuumiza alihamia Kiswahili, tena kile cha barua za serikali. "Nimekuelewa, Kokushubila," Sesilia angesema taratibu, "na nakushukuru kwa maelezo yako," na Mama Hope angeiachia pedali ya cherehani katikati ya mshono. Wateja walianza kuchelewa kuondoka. Mama mmoja alileta sketi ya binti yake ipunguzwe, ikapunguzwa, akairudisha iongezwe, ilimradi tu asikose sehemu iliyofuata.

Yote hayo yangeweza kuvumilika kama Hope asingekuwa anaolewa. Sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ilikuwa mwezi uliofuata, na Hope alikuwa na ombi moja tu. Alilelewa na Mama mkubwa Bukoba miaka yote ya shule ya msingi. Mama mkubwa ndiye aliyemsuka nywele na kumpeleka komunyo ya kwanza. Kwa hiyo yeye ndiye atakayemshika mkono kumwingiza ukumbini. Ukumbi ulikuwa umeshalipiwa, sare za kamati zimeshashonwa, na mchumba, karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini kule Kurasini, ameshaomba ruhusa kazini. Ndipo Sesilia alipotangaza, kwa Kiswahili, kwamba kutokana na mazingira yaliyojitokeza hatahudhuria.

Hope alimkuta kaka yake uani.

"Braza, nani alikutuma?"

"Nilitaka waongee tu, Hope."

"Si wameongea? Haya, sasa nenda kanitafutie mama mkubwa mwingine."

Theonest alimwomba radhi. Lakini hakukata tamaa, maana utafiti wake ulikuwa na sura nzima kuhusu usuluhishi. Aliandaa simu ya kikundi, yeye katikati, na akatangaza kanuni. Kila mmoja angeongea bila kukatizwa, kisha mwenzake angerudia kwa maneno yake mwenyewe alichokisikia, halafu wangetaja jambo moja jema kuhusu mwingine. Alizisoma kwa sauti ya upole aliyoifanyia mazoezi. Alipomaliza, hakuna aliyepinga, naye akaona hiyo ni ishara njema.

"Theo," Sesilia akasema, "nani kakwambia sisi tumegombana?"

"Nami nashangaa, dada," akasema mama yake, aliyekuwa chumba cha pili. "Hebu toka kwenye simu ya wakubwa."

Akatoka. Nyuma yake akawasikia, kwa mara ya kwanza tangu vita ianze, wakikubaliana jambo: kwamba vijana wa siku hizi wakishasoma hawana adabu. Walikubaliana hivyo kwa muda mrefu na kwa mifano mingi. Kisha wakarudi kwenye cherehani wakiwa na nguvu mpya, na Sesilia akarudia kwamba haji.

Kesho yake Theonest alimwendea Bi Zarin, akiwa ameshajiandaa kusikia jambo kubwa. Akamweleza kwamba amekuwa akiitazama simu yake na Bi Farheen miezi yote ile, na angependa kujua siri yao. Wanawezaje kukaa pamoja hivyo, saa zote hizo, bila neno baya?

Bi Zarin alimtazama, akaitazama simu kwenye maboksi ya nyuzi.

"Siri gani, baba? Mie husahau kukata."

"Na Bi Farheen?"

"Naye husahau." Akarudi kwenye kitambaa chake. "Mkatie yule mteja nusu mita."

Theonest alikata nusu mita, na jioni ile, akiwa njiani kurudi nyumbani, aliuzika utafiti wake. Bando zilipoisha hakununua nyingine. Mama yake alipouliza, alisema mtandao una shida. Mama mkubwa alipopiga kwa laini ya kawaida kuuliza, alimwambia vivyo hivyo, wanashughulikia. Hakuwa mtu wa uongo, na maneno yalimtoka yakiwa yamepinda. Lakini Jumapili ilipofika mama yake alitoa simu ya vitufe kabatini, akaweka vocha, akapiga. Afya, usingizi, wajukuu, ng'ombe, migomba. Kwenye kahawa, ikakata.

"Tumeongea," akasema Mama Hope, lakini hakufuta jicho, wala hakuinuka kwenda jikoni. Sendofu haikutajwa, maana haikuwa na nafasi kati ya ng'ombe na migomba, na Hope akaanza kuangalia nani mwingine katika ukoo ana mkono wa kushikwa.

Katikati ya wiki simu ya Theonest ikaita akiwa dukani. Ni Mama mkubwa, akasema yuko stendi ya Mbezi, aje haraka, ana mzigo. Theonest aliomba ruhusa, akamkuta amekaa juu ya begi lake, bibi mnene aliyenyooka mgongo baada ya safari ya kutoka mwisho mmoja wa nchi hadi mwingine, na mbele yake kitu kizito kilichofungwa kwa kitenge. Akampa shikamoo. Mama mkubwa akaitikia, akamwambia ashike taratibu, hiyo ni cherehani.

"Umemletea mama?" Theonest akauliza, na machozi yakaanza kumlengalenga.

"Nimeileta aione. Sikusema achukue." Akajiweka sawa kwenye teksi. "Ulisema mtandao umeharibika. Mimi nilikuwa sijamjibu mama yako. Sasa ningekaa na jibu mpaka lini?"

Nyumbani Mama Hope aliposikia sauti ya dada yake mlangoni aliacha sare kwenye sindano, akatoka, akapiga magoti kwenye saruji kama msichana. Wakaanza salamu. Theonest na Hope walisimama pembeni wakisubiri, mmoja kwa hofu na mwingine kwa hofu zaidi. Salamu zikapita zote, kahawa ikaisha. Sesilia akafungua kitenge, akaiweka cherehani ya mama yao mezani, kando ya ile ya pedali.

Ilikuwa inang'aa kwa mafuta. Kwenye sindano yake ulikuwa bado umepita uzi wa bluu, uliofifia, na mwisho wa uzi kipande cha mto wa mtoto, kimeshonwa upande mmoja tu. Mtu alikuwa ameinuka katikati ya kazi na hakurudi. Na baada yake hakuna aliyegusa kitu zaidi ya kupaka mafuta.

Mama Hope alikiangalia kile kipande. Sesilia aliangalia ukuta. Wote wawili walikuwa na mengi, walikuwa nayo kwa miaka. Lakini huwezi kumkabili uso kwa uso dada uliyetoka kumpigia magoti sasa hivi, wala huwezi kumgeuzia Kiswahili cha serikali mdogo wako huku unaona mvi zake. Hope alileta chai. Walikunywa. Walisifu chai. Mama mkubwa akauliza sendofu ni lini, akajibiwa, akasema vyema, maana hatoki pale mpaka wamalize. Hakusema wamalize nini. Hope alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Kisha chai ikaisha.

Sesilia akaweka kikombe chini, akainuka, akatoka hadi kibarazani, akakaa kwenye kigoda akiipa nyumba mgongo.

"Theo," akaita. "Niwashie ile ya bure."

Hakuthubutu kumkumbusha kwamba mtandao una shida. Akawasha hotspoti ya simu yake, akaunganisha simu ya Mama mkubwa, akaingia ndani akaunganisha ya mama yake. Ukuta ulikuwa mnene na ishara ilifika upande mmoja tu, hivyo ikabidi asimame mlangoni, katikati, mkono umeinua simu. Mezani simu iliyopasuka kioo ikaita.

"Haloo?"

"Kokushubila. Tuliishia wapi?"

"Kwenye cherehani, dada. Wewe ndiye ulikuwa unajibu."

Sesilia akajibu. Alijibu kwa kirefu, na Mama Hope naye akajibu lile jibu, na kulikuwa na Kiswahili ndani yake, na wakati mmoja Theonest alidhani simu itatupwa. Hope alipita na sinia akamnong'oneza asisogee. Mkono ulianza kumuuma. Kisha sauti zikashuka.

"Ule uzi ni wa mama," Sesilia alisema kibarazani. "Sikuutoa."

"Nimeuona."

Mama Hope alivuta sare yake akaendelea kushona. Pedali ilisikika ndani, na kwa mbali, ikichelewa kidogo, ilisikika tena kwenye simu ya kibarazani. Mama mkubwa alianza kuchambua mchele alioukuta kwenye ungo. Akapiga chafya, na ndani mdogo wake akamwombea afya bila kuinua macho. Hakuna aliyekata.

Theonest alibaki mlangoni, mkono juu, machozi yakimtoka waziwazi bila hata kona ya kuyafichia. Hope akarudi, akasimama karibu naye, akawatazama wote wawili, kisha akaitazama ile simu mkononi mwake.

"Braza," akanong'ona, "chaji unayo?"